Vincent van Gogh na Kiti Kitupu

Hapa Kanombe, mjini Kigali, Makumbusho ya Sanaa yamo katika nyumba iliyokuwa ikulu. Mtu aingiapo nyumba ya namna hiyo hutazamia kuonyeshwa viti vya wakubwa. Lakini kiti mashuhuri kuliko vyote vilivyopata kuchorwa kilikuwa cha mtu maskini, nasi leo twapenda kuyakumbuka maisha yake.

Vincent van Gogh alizaliwa tarehe 30 Machi, 1853, kijijini Zundert, Uholanzi, mwana wa mchungaji. Mapema mwaka 1878 alikuwa masomoni Amsterdam, na baba yake akaja kumtembelea. Alipokwisha kumsindikiza mzee, kijana alirudi chumbani, akakiona kiti alichokuwa amekalia baba yake, akalia kama mtoto mdogo.

Baadaye aliwahubiria wachimbaji wa makaa ya mawe wa Borinage, Ubelgiji. Aligawa nguo zake na kulala sakafuni, hata wakuu wake wakaona amepita kiasi, wakamwachisha kazi. Ndipo mwaka 1880, akiwa na umri wa miaka 27, alipojitoa kwa uchoraji, akitunzwa na mdogo wake, Theo.

Mwaka 1888 alipanga nyumba mjini Arles, Ufaransa, akanunua viti 12 kwa matumaini ya kukaa na wachoraji wenzake. Akaja mmoja tu, Paul Gauguin. Mwezi Novemba Vincent alichora viti viwili: cha mgeni, chenye mikono, juu yake mshumaa na vitabu, na chake mwenyewe, cha mbao za kawaida na majani yaliyosukwa, juu yake kiko na tumbaku. Vyote vitupu. Tarehe 23 Desemba waligombana, Vincent akajikata sikio; Gauguin akaondoka, wasionane tena. Vincent alifariki tarehe 29 Julai, 1890, akiwa na miaka 37. Kiti chake kimo katika jumba la picha la taifa mjini London tangu mwaka 1924.

Sisi Wanyarwanda hatuhitaji kufundishwa maana ya kiti kitupu. Tangu mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, nyumba nyingi zinacho. Basi tusiharakishe kukitupa kiti kikuukuu kwa kuwa mguu umelegea. Kwanza tuwaambie watoto ni nani aliyekuwa akikikalia.