Mtakatifu Martino, Mkatekumeni Aliyegawa Joho Lake

Katika nchi ya Italia ipo miji na vijiji vingi viitwavyo San Martino, maana yake Mtakatifu Martino. San Martino Buon Albergo u karibu na Verona, San Martino Siccomario u karibu na Pavia, na San Martino di Castrozza u juu milimani. Basi na tujue habari za mtu huyu.

Martino alizaliwa katika karne ya 4 huko Sabaria, katika nchi ambayo sasa ni Hungaria, akalelewa Pavia. Baba yake alikuwa askari, wala hakumjua Mungu wa kweli. Mtoto akakimbilia kanisani, akaomba kuwa mkatekumeni. Lakini sheria ya Kaisari ikamtia jeshini.

Siku moja ya baridi kali, langoni pa mji wa Amiens, katika Ufaransa ya leo, akamwona maskini aliye uchi. Watu walikuwa wakimpita tu. Martino hakuwa na kitu ila silaha na joho lake. Akalikata kwa upanga, akampa nusu. Wengine wakamcheka. Usiku ule akaota, akamwona Bwana wetu Yezu Kristu amevaa nusu ile, akiwaambia malaika ya kuwa Martino, aliye mkatekumeni bado, ndiye aliyemvika. Ndipo akabatizwa.

Alipotoka jeshini akarudi kwa wazazi wake. Mama akaongoka, baba akakataa. Huko Milano Waario wakamfukuza kwa ajili ya imani, akakaa katika kisiwa cha Gallinara. Mwaka 371 akawa Askofu wa Tours, akafa mwaka 397.

Sikukuu yake ni tarehe 11 Novemba, siku aliyozikwa. Siku hiyo Waitalia huonja divai mpya. Zamani wakulima wa kaskazini waliomaliza mkataba wa shamba walihama siku hiyo, hata kuhama nyumba kukaitwa kufanya San Martino. Na siku chache za jua zijazo wakati huo wa baridi huitwa kiangazi cha Mtakatifu Martino.

Ndugu, katika jubilei hii twahesabu makanisa na waliobatizwa. Sisi walimu twazoea kumwona mkatekumeni kuwa mtu wa kupokea tu. Lakini Martino alimvika Kristu kabla ya kubatizwa. Tena, baba yake mwenyewe hakumsikiliza, naye hakuacha kazi ya Mungu. Basi nasi tusiwadharau walio mlangoni, wala tusikate tamaa kwa ajili ya wanaokataa.