Kamaluddin al-Farisi na Namba Zipendanazo

Wengi waliolisikia jina la Kamaluddin al-Farisi wamelisikia kwa habari ya upinde wa mvua. Ndiye aliyejaza maji tufe la kioo na kutazama jinsi nuru ya jua inavyopinda ndani yake, hata akaeleza rangi za upinde zatoka wapi. Sifa hiyo ni haki yake. Lakini iko na nyingine, ambayo kwa miaka mingi Ulaya ilimpa mtu mwingine.

Alizaliwa Uajemi mwaka 1267. Alisoma Tabriz kwa Qutbuddin al-Shirazi (nisba isiyo ngeni kwetu watu wa pwani), na ni mwalimu huyo aliyemwelekeza kwenye kitabu cha Ibn al-Haytham juu ya nuru na macho. Alifariki yapata mwaka 1319.

Sasa tuje kwenye hesabu. Twaa namba 220. Zijumlishe namba zote ndogo kuliko yenyewe ziigawazo pasi na baki: 1, 2, 4, 5, 10, 11, 20, 22, 44, 55 na 110. Utapata 284. Ifanyie 284 vivyo hivyo, kwa 1, 2, 4, 71 na 142. Utarudi kwenye 220. Waarabu waliziita namba zipendanazo.

Thabit bin Qurra, aliyefariki Baghdad mwaka 901, alitoa kanuni ya kuzitafuta. Yataka namba tatu tasa, yaani zisizogawika ila kwa moja na kwa zenyewe. Kwa 5, 11 na 71, ukizidisha 4 kwa 5 kwa 11 wapata 220, na 4 kwa 71 wapata 284. Hatua ifuatayo yatoa 11, 23 na 287, na hapo pana kikwazo: 287 ni 7 mara 41, si tasa. Hatua ya baadaye yatoa 23, 47 na 1,151, zote tasa. Zidisha 16 kwa 23 kwa 47, upate 17,296. Na 16 kwa 1,151, upate 18,416.

Al-Farisi aliiandika jozi hii. Tena hakutosheka na kuona kuwa kanuni yafanya kazi. Alitaka kuithibitisha kwa njia mpya. Kwani utajuaje kwamba hukuisahau namba moja iigawayo 17,296? Zipo 19! Basi alianza mbali, akaonyesha kwamba kila namba kubwa kuliko moja huvunjika hata ikabaki tasa tupu, na kwa tasa hizo zote ziigawazo hupatikana, haibaki hata moja.

Msomaji aliyekaa njia panda ya Minjila akingoja basi la Lamu au la Garissa aweza kuijaribu 18,416, iliyo nyepesi zaidi: 1, 2, 4, 8, 16, 1,151, 2,302, 4,604 na 9,208. Jumla yake ni 17,296, na basi bado halijafika.

Huko Marrakesh, Ibn al-Banna, aliyefariki mwaka 1321, naye aliiandika jozi hiyohiyo. Kisha mwaka 1636 Mfaransa Pierre de Fermat akaitaja, na vitabu vya Ulaya vikaipa jina lake. Fermat alikuwa bingwa kweli, wala hatumshitaki kwa wizi. Ila alikuja miaka zaidi ya mia tatu baada ya maziko ya al-Farisi.