Margaret McMillan: Aliyewatoa watoto wa Deptford vyumbani akawalea bustanini

Ng'ombe aliyeteremshwa kutoka melini Deptford, kusini-mashariki mwa London, alikuwa na uhakika wa mambo mawili: banda na daktari. Soko la mifugo ya kigeni lilifunguliwa hapo mwaka 1871, katika karakana za zamani za meli za kivita, kwa sababu serikali ya Uingereza iliogopa maradhi ya mifugo yasivuke bahari. Anayenunua ng'ombe upande mmoja wa mpaka na kuwauza upande wa pili anaujua utaratibu huo. Mnyama alikaguliwa, akafungiwa, akachinjwa hapo hapo bila kuruhusiwa kutoka.

Nje ya uzio wa soko hilo waliishi watoto ambao hakuna aliyewakagua. Mama zao na dada zao wakubwa walifanya kazi humo humo sokoni wakisafisha matumbo ya mifugo, au walifua nguo za watu, au waliuza vitu vidogo vidogo barabarani. Familia nzima ililala chumba kimoja. Matege, macho yenye usaha, masikio yanayovuja, upele wa kichwani na kifua kikuu vilikuwa mambo ya kawaida. Katika mitaa hiyo ndipo mwanamke mmoja asiye na mume wala mtoto, ambaye hakuzaliwa hata Uingereza, alipofungua mahali pa kulelea watoto ambapo chumba kikuu kilikuwa bustani.

Margaret McMillan alizaliwa tarehe 20 Julai 1860 katika jimbo la New York, Marekani, kwa wazazi waliohamia huko kutoka Scotland. Dada yake Rachel alimtangulia kwa mwaka mmoja. Mwaka 1865 homa ya vipele vyekundu iliingia nyumbani mwao ikamchukua baba na mdogo wao Elizabeth. Margaret alinusurika, lakini masikio yake yaliziba. Alikuwa kiziwi hadi alipofika umri wa miaka 14 hivi, uwezo wa kusikia ulipomrudia. Mama yao mjane alifunga mizigo na kurudi na mabinti wawili kwa wazazi wake Inverness, Scotland. Naye alifariki mwaka 1877, mabinti wakiwa hawajafika miaka 20.

Margaret alipelekwa kusoma Frankfurt, kisha Geneva na Lausanne, akitayarishwa kuwa mwalimu wa nyumbani wa watoto wa matajiri. Kazi hiyo aliifanya. Rachel ndiye aliyemgeuza. Mwaka 1887 Rachel alikwenda Edinburgh akakutana na watu waliohubiri ujamaa, na mwaka uliofuata dada hao wawili walikuwa London, wakishiriki mikutano na kuwasaidia makuli wa bandari waliogoma mwaka 1889.

Kwa muda Margaret aliishi maisha mawili. Alikuwa mwandani wa Lady Meux, mke wa tajiri mwenye kiwanda cha bia, ambaye aliipenda sauti yake na kumlipia mafunzo ya uigizaji wa jukwaani. Lakini sauti hiyo Margaret aliipeleka Hyde Park kuhutubia wafanyakazi, na tajiri akachukia. Wakaachana. Mafunzo, hata hivyo, hayakupotea: kwa miaka 40 iliyofuata alipata fedha na kura kwa kusimama na kusema.

Mwaka 1893 aliwasili Bradford, mji wa viwanda vya sufu kaskazini mwa Uingereza, ambako chama kipya cha wafanyakazi kilikuwa kimeasisiwa Januari ya mwaka huo. Novemba 1894 alichaguliwa kuingia bodi ya shule. Wanawake hawakuruhusiwa kugombea udiwani wa mji wakati huo, lakini bodi za shule zilikuwa wazi kwao, naye aliutumia mlango huo barabara.

Aliyoyakuta madarasani yalimkasirisha. Watoto wa miaka 11 walikuwa wakigawana siku, nusu kiwandani na nusu shuleni, na huko shuleni walisinzia. Wengine walishonewa nguo za ndani mwilini baridi ilipoanza na kuzifungua ilipokwisha, miezi kadhaa bila maji. Walimu walitakiwa kuwafundisha kusoma watoto wenye njaa, chawa na meno yaliyooza. Margaret aliona ni sawa na kulipia nauli ya gari lisilo na magurudumu. Pamoja na Dk. James Kerr, mganga wa bodi hiyo, alisimamia ukaguzi wa afya wa wanafunzi, miongoni mwa kaguzi za kwanza kabisa katika shule za umma nchini humo. Mwaka 1897 shule ya Wapping Road ilifunguliwa bafu na bwawa la kuogea, jambo ambalo hakuna shule ya aina hiyo iliyokuwa nalo. Walipa kodi walilalamika. Watoto waliingia majini.

Sheria ya Elimu ya mwaka 1902 ilivunja bodi za shule na kukabidhi kazi zake kwa mabaraza ya miji. Kwa mwanamke maana yake ilikuwa moja: kiti kimeondoka. Margaret alirudi kusini kwa Rachel, ambaye wakati huo alikuwa mkaguzi wa afya akizunguka jimbo la Kent kufundisha usafi. Wengi wangekaa hapo na kumlaumu mbunge. Yeye aligeukia wabunge wenyewe. Fred Jowett, rafiki yake wa Bradford, aliingia bungeni mwaka 1906, na mwaka huo huo sheria iliruhusu halmashauri kuwalisha wanafunzi. Mwaka 1907 sheria nyingine ikaagiza wakaguliwe afya. Bradford wakapima watoto kwa mizani: waliolishwa shuleni waliongezeka uzito, likizo ilipofika ukashuka. Mizani haina chama.

Ukaguzi bila matibabu ni karatasi tu, kwa hiyo dada hao walitaka zahanati za shule. Fedha ziliwatoka kwa mfanyabiashara, Mmarekani Joseph Fels aliyetajirika kwa sabuni. Zahanati ya kwanza ilifunguliwa Bow, mashariki mwa London, mwaka 1908, na mwaka 1910 wakahamia Deptford.

Hapo ndipo walipojifunza somo lililobadilisha kila kitu, na walijifunza kwa hasara. Mtoto aliletwa na upele, akatibiwa, akapona, akarudi nyumbani. Baada ya wiki chache alikuwa kwenye foleni tena na upele ule ule. Dawa ilikuwa nzuri. Kilichomrudisha ni chumba. Zahanati ilikuwa inaziba tundu la gunia huku panya yumo ndani.

Mwaka 1911 wakaanza kambi ya kulala nje. Nyuma ya nyumba waliyokuwa wakiitumia katika barabara ya Evelyn palikuwa na ua. Wasichana wa mtaani walikuja jioni, wakaoga, wakala, wakalala vitandani chini ya turubai hewa ikipita, asubuhi wakanywa uji na kwenda shule. Afya zao zilibadilika kwa namna ambayo majirani waliiona kwa macho. Lakini Rachel aliona jambo jingine: wadogo zao wa miaka miwili na mitatu, waliobaki vyumbani, walikuwa wakiugua maradhi yale yale ambayo wakubwa walikuwa wakiponywa. Kuanza na mwenye miaka saba ni kuchelewa.

Machi 1914, mwezi mmoja baada ya Fels kufariki, walianza kupokea watoto wadogo mchana katika kiwanja cha Stowage, karibu na mto. Ardhi ilikuwa ya baraza la London, na walipewa kwa sharti la kuondoka likihitajika. Walijenga juu yake hata hivyo.

Majengo hayakuwa majengo kwa maana ya siku zile, bali mabanda mepesi ambayo upande mmoja uliachwa wazi kuelekea jua, na turubai la kushushwa mvua ikizidi. Ndani palikuwa na bafu lenye maji ya moto, meza ndogo, viti vidogo na makabati yasiyozidi urefu wa mtoto. Kila kilichobaki kilikuwa bustani: miti ya kupanda, vitanda vya maua, mboga zilizoishia jikoni, mimea yenye harufu ambayo watoto waliisugua vidoleni, mchanga wa kuchezea, sungura na ndege. Margaret alisisitiza pia kuwe na rundo la takataka safi, yaani mawe, makopo, vyungu vilivyovunjika na vipande vya mbao, kwa sababu alikuwa amewatazama watoto wa Deptford na kujua kwamba wakipewa nafasi wataliacha dubwana la dukani na kwenda kwenye rundo.

Siku ilianza mapema na kwisha karibu saa kumi na moja jioni, kulingana na saa za mama anayefanya kazi. Mtoto alioshwa, akavalishwa vazi safi, akala mara tatu. Baada ya chakula cha mchana wote walilala nje kwenye vitanda vidogo vya turubai, hata majira ya baridi, wakiwa wamefunikwa blanketi. Kufundisha kulifanyika bila kengele. Rangi zilijifunzwa kwenye maua, kuhesabu kwenye maharage, mizani kwenye gogo la kutembelea. Mama anayeondoka alfajiri kuwahi soko la Busia au Namanga na mtoto mgongoni hahitaji kuelezwa saa hizo zilikuwa na thamani gani.

Vita vilipozuka Agosti 1914, akina mama waliingia viwanda vya silaha, na wizara ya silaha ikaanza kuchangia malezi ya watoto wao. Serikali, kama kawaida, iligundua umuhimu wa mtoto ilipohitaji mikono ya mama yake.

Rachel alidhoofika kwa kazi. Alifariki tarehe 25 Machi 1917, siku aliyotimiza miaka 58. Margaret alivunjika, na waliomfahamu waliona kwamba tangu siku hiyo alizungumza juu ya dada yake kana kwamba yumo chumbani. Kituo kikapewa jina la Rachel. Sheria ya mwaka 1918 iliruhusu halmashauri kusaidia shule za namna hiyo, naye mwaka 1919 akachapisha kitabu kinachoeleza jinsi ya kuziendesha. Mwaka 1921 Malkia Mary alifungua upanuzi wa Stowage. Mwaka huo huo Abigail Eliot alikuja kutoka Boston kujifunza, na Januari 1922 alifungua kituo chake mtaa wa Ruggles huko kwao.

Miaka iliyofuata haikuwa laini, na sehemu ya ugumu huo ilitoka kwake mwenyewe. Mwaka 1923 alikuwa rais wa kwanza wa chama cha shule za watoto wadogo, lakini wenzake walitaka vituo vidogo vya watoto arobaini hivi, vyenye saa chache. Margaret alipiga hesabu ya mwenye duka la jumla: jiko moja, bafu moja, muuguzi mmoja na bustani moja vikihudumia mamia, gharama ya kila mtoto inashuka. Tena saa chache hazimfai mama aliyeko kazini. Wenzake walijibu kwamba mtoto wa miaka miwili si gunia la mchele. Kila upande ulikuwa na jambo. Yeye hakulegeza, na mwaka 1929 aliacha urais. Wajamaa wenzake wa zamani nao walimwona amepotea, kwa kuwa msaada wake mkubwa sasa ulitoka kwa Nancy Astor, mbunge wa chama cha Conservative. Ukali wake uliwachosha hata waliompenda.

Astor alimsaidia kupata fedha za chuo cha ualimu. Masomo yalikuwa ya miaka mitatu, na wanafunzi walitakiwa kuishi Deptford na kutembelea nyumba za watoto, wajue mtoto anatoka wapi kabla ya kumfundisha chochote. Malkia Mary alikifungua chuo hicho Mei 1930. Kilipewa jina la Rachel.

Margaret alifariki Machi 1931 na kuzikwa Brockley, kaburi moja na dada yake. Wakati huo shule za aina yake katika Uingereza yote hazikufika 100; bajeti zilikuwa zimekatwa mapema katika miaka ya 1920 na halmashauri nyingi hazikutaka gharama. Kituo cha Deptford hakikuhamishwa kamwe kwenye ardhi ile waliyopewa kwa muda. Bado kinapokea watoto, na bado wanatumia sehemu kubwa ya siku yao bustanini. Langoni lipo jina la Rachel. Barabara iliyo mbele ya lango inaitwa McMillan, bila jina la kwanza.