PETER MEDAWAR NA SIRI YA NGOZI YA KUAZIMA

Hapa kwetu Migori na Homa Bay ni nani hajamwona mtu aliyeungua kwa koroboi au maji moto? Kidonda kikiwa kikubwa, daktari huchukua ngozi ya paja la mgonjwa mwenyewe akakifunika. Lakini kwa nini asichukue ya ndugu yake? Kwani damu si nzito kuliko maji? Aliyetafuta jibu ni Peter Medawar.

Medawar alizaliwa Brazili mwaka wa 1915. Baba yake alikuwa mzaliwa wa Lebanon, mama Mwingereza. Alisomea elimu ya wanyama katika Chuo Kikuu cha Oxford. Mwaka wa 1940, wakati wa vita, ndege ya kijeshi ilianguka karibu na nyumba yake. Askari mmoja aliungua vibaya sana, na Medawar akaombwa msaada. Hakuwa na dawa. Jambo hilo likamkaa rohoni.

Basi akaenda Glasgow kushirikiana na daktari mpasuaji Thomas Gibson. Walimpandikiza mwanamke aliyeungua vipande vya ngozi yake mwenyewe na vya kaka yake. Vyake vilishika. Vya kaka vilishika mwanzoni, kisha vikaharibika. Wakarudia, na safari hii vikafa upesi zaidi. Yaani mwili ulikuwa umemkumbuka yule mgeni! Kwenye hadubini walikuta chembechembe nyeupe za damu zimevamia ngozi ile. Walitangaza matokeo hayo mwaka wa 1943.

Figo ya kupandikizwa nayo hupata taabu hiyo. Kuna kukataliwa kwa haraka: katika siku au miezi ya kwanza, chembechembe nyeupe hujaa ndani ya figo ikavimba. Dawa ikiwahi, mara nyingi figo huokoka. Halafu kuna kukataliwa kwa pole pole, miaka ikipita: kuta za mishipa ya damu hunenepa, njia ya damu huwa nyembamba, na nyama nzima hugeuka kovu. Hili bado linawasumbua madaktari.

Mwaka wa 1953, Medawar, Billingham na Brent walionyesha kwamba panya aliyetiwa chembechembe za panya mwingine kabla ya kuzaliwa huipokea ngozi yake baadaye. Medawar alipata Tuzo ya Nobel mwaka wa 1960 pamoja na Burnet wa Australia. Kiharusi kilimpiga mwaka wa 1969, lakini hakuweka kalamu chini. Alifariki mwaka wa 1987.

Wenzangu, ukimjua mtu aliyepandikizwa figo Kenyatta au Eldoret, akaanza kuacha dawa eti anajisikia mzima, msimulie habari ya ngozi ya yule kaka. Mwili haumsahau mgeni.