John Bonica, mpigana mieleka aliyeanzisha kliniki za maumivu

Mgongo unaouma miaka nenda miaka rudi, kichwa kisichotulia, mguu unaowaka moto ingawa ulishakatwa. Zamani wagonjwa wa namna hiyo walizungushwa toka kwa daktari mmoja hadi mwingine. Leo hospitali nyingi kubwa duniani zina kliniki ya maumivu kwa ajili yao. Aliyefungua njia hiyo ni John Bonica, daktari wa ganzi.

Bonica alizaliwa mwezi wa pili 1917 katika Filicudi, kisiwa kidogo cha Italia. Alifika New York pamoja na wazazi akiwa bado mtoto. Baba alifariki mapema, naye kijana akabaki na mzigo wa familia: alipiga viatu rangi, akauza magazeti na matunda. Ili kulipa masomo ya udaktari aliingia katika mieleka ya kulipwa, mchezo ambao kwetu unajulikana kama catch. Mwaka wa 1941 alikuwa bingwa wa dunia katika uzito wake. Mwaka uliofuata akapata shahada ya udaktari.

Mwaka wa 1943 mke wake Emma alikaribia kufa akijifungua mtoto wao wa kwanza. Daktari mwanafunzi alimpa dawa ya usingizi vibaya, akatapika na kukosa pumzi. Bonica mwenyewe ndiye aliyesafisha njia ya hewa na kumwokoa. Tangu siku hiyo aliamua kubobea katika kazi ya ganzi, na baadaye alikuwa kati ya waliosambaza sindano ya mgongoni kwa wanawake wanaojifungua.

Mwaka wa 1944 jeshi la Marekani lilimtuma kwenye hospitali ya Madigan, jimbo la Washington. Hapo alipokea askari waliojeruhiwa katika Vita vya Pili vya Dunia. Vidonda vilikuwa vimepona, lakini maumivu yalibaki. Wengine walihisi uchungu katika mkono ambao haupo tena. Bonica alichoma ganzi karibu na mishipa ya fahamu, ila haikuwatosha wote. Alipowatuma kwa wataalamu wengine, kila mmoja alirudisha jibu lake peke yake.

Ndipo alianza kuwakutanisha wakati wa chakula cha mchana: daktari wa mifupa, wa mishipa ya fahamu, na wa akili. Walizungumza juu ya mgonjwa mmoja mmoja, na matibabu yakaanza kwenda vizuri. Mwaka wa 1947 alipeleka mpango huo katika hospitali kuu ya Tacoma. Mwaka wa 1953 alitoa kitabu chenye kurasa zaidi ya 1,500 kuhusu matibabu ya maumivu. Kuanzia mwaka wa 1960 aliendeleza kazi katika chuo kikuu cha Washington, Seattle, akishirikiana na daktari mpasuaji na muuguzi.

Fundisho lake lilikuwa moja: maumivu yanayodumu baada ya kidonda kupona ni ugonjwa wenyewe. Hayatibiwi kwa kidonge tu. Yanahitaji dawa, sindano, mazoezi ya mwili na msaada wa moyo, vikipangwa pamoja.

Yeye mwenyewe aliyajua. Mieleka ilimharibu mabega na nyonga, akapasuliwa mara nyingi, akawa anatembea akichechemea. Hata hivyo, mwaka wa 1973 aliwaita watafiti wa nchi mbalimbali karibu na Seattle, na mkutano huo ukazaa shirika la kimataifa la utafiti wa maumivu. Alifariki mwezi wa nane 1994, akiwa na miaka 77, muda mfupi baada ya Emma.

Mashariki mwa Kongo, ambako vita vimewaacha watu wengi bila mkono au mguu, fundisho hilo bado lina uzito. Mtu anayesema kiungo kilichokatwa kinamuuma hajarogwa, wala hana wazimu. Ni mgonjwa, na anastahili kutibiwa.