Joe de Graft, mgeni aliyetuuliza mtu ni nani

Wadau, hapa Ngara tangu Aprili 1994, Warwanda zaidi ya laki mbili walipovuka Rusumo, wengi wetu tukimwona mgeni tunaona mzigo. Mimi pia nilikuwa hivyo, mpaka nilipomsoma Joe de Graft. Jamaa alizaliwa Ghana 1924, akaongoza Ghana Drama Studio kule Accra, kisha 1969 akahamia Nairobi. Chuo kikuu pale alifundisha maigizo, akaongoza michezo, na jukwaani akapanda mwenyewe. 1975, Baraza la Makanisa Ulimwenguni lilipokutana Nairobi, akatoa tamthilia yake, Muntu. Neno hilo si la kwao, ni letu: Wahangaza tunasema umuntu. Alifariki 1978. Sasa wadau, huyo naye alikuwa mzigo?