Claude Monet na Picha ya Wanawake Bustanini

Claude Monet alizaliwa mjini Paris, Ufaransa, tarehe 14 Novemba 1840, akakulia katika mji wa bandari wa Le Havre. Huko ndiko mchoraji Eugène Boudin alikomzoesha kuchorea nje, mbele ya bahari na anga.

Mwaka wa 1866, Monet alianza kuchora picha ya wanawake wanne bustanini huko Ville-d'Avray, karibu na Paris. Turubai lake lilizidi mita mbili na nusu kwa urefu. Ili aifikie sehemu ya juu bila kubadilisha mahali pa kutazamia, alichimba handaki na kuliteremsha turubai humo kwa kapi. Camille Doncieux, mpenzi wake aliyekuja kumwoa mwaka wa 1870, ndiye aliyechorwa katika sura za wanawake watatu.

Waamuzi wa maonyesho rasmi ya Paris waliikataa picha hiyo mwaka wa 1867. Wakati huo Camille alikuwa mjamzito, na fedha hazikuwapo. Rafiki yao, mchoraji Frédéric Bazille, aliwaokoa kwa kuinunua kwa faranga 2,500, akilipa 50 kila mwezi.

Ikumbukwe kuwa turubai la ukubwa huo lilikuwa, kwa desturi, la vita, wafalme na watakatifu. Katika picha ya Monet hamna tukio lolote, na nyuso za wanawake hazibainiki vyema. Msomi anayetafuta kisa hapa atatoka mikono mitupu. Hata hivyo, akilitazama gauni jeupe la mwanamke aliyeketi, ataona kuwa kivuli kilicholiangukia si cheusi, bali kina rangi ya samawati. Mwanga ndio mhusika mkuu, nao wanawake na maua ni mahali unapotua. Kwa istilahi za fasihi, fani imekuwa ndiyo maudhui. Waamuzi waliipima kazi hii kwa kisa ambacho haikukusudia kukisimulia.

Bazille aliuawa vitani mwaka wa 1870, naye Camille akafariki mwaka wa 1879, akiwa na umri wa miaka 32. Mnamo 1921, serikali ya Ufaransa iliinunua picha ile ile kwa faranga 200,000. Monet alifariki huko Giverny tarehe 5 Desemba 1926. Picha yenyewe imehifadhiwa katika makumbusho ya Orsay, Paris.